Maneno Makali Jukwaani: Tunalaumu Ukali, au Tunalaumu Kitu Kingine?

Yeyote aliyewahi kufuatilia vikao vya Bunge jijini Dodoma anaufahamu mtiririko huu. Mbunge anachangia hoja, sauti inapanda, linamtoka neno kali kumhusu mwenzake au kuihusu serikali, ukumbi unajaa kelele, na kabla hajamaliza sentensi tayari kuna aliyesimama: "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika." Kiti kinamsikiliza, kinapima, kisha kinamtaka mchangiaji afute kauli. Mara nyingi huifuta, kwa sauti kavu isiyo na dalili ya majuto, na kuendelea pale alipoishia. Kilichoondolewa ni neno moja. Hoja iko palepale, na ghadhabu iliyolibeba neno hilo nayo iko palepale.

Utaratibu huu una kazi yake na sina nia ya kuubeza, kwa kuwa ndio unaowawezesha mamia ya watu wasiokubaliana kukaa ukumbi mmoja na kupitisha bajeti. Shida ni kwamba umetuzoesha kuamini kuwa ubaya wa kauli ya kisiasa umo katika ukali wake, na kwamba kauli ikishapozwa imetakasika. Nje ya Bunge nako ushauri ni uleule: viongozi wapunguze jazba, wagombea watumie lugha ya staha. Ushauri huo ni mzuri, lakini haujibu swali la kimaadili, kwa sababu mtu anaweza kuchochea mauaji kwa sauti ya upole kabisa, na mwingine anaweza kufoka jukwaani hadi mishipa ya shingo imtoke pasipo kumtendea mtu yeyote uovu.

Makosa tunayoyatia katika kapu moja la "lugha chafu" hayafanani. Tusi ni kosa la adabu: linamvunjia mtu heshima, naye ana haki ya kulalamika, lakini kesho yake bado ni raia yuleyule, anaweza kupanda jukwaa lilelile na kujibu. Uongo unawadhuru zaidi wasikilizaji kuliko anayesemwa, maana wao ndio wanaokwenda kupiga kura wakiwa na picha isiyo ya kweli. Uchochezi kwa maana yake halisi ni kosa la namna nyingine kabisa, kwa sababu humtoa mtu, au kundi la watu, miongoni mwa wale wanaostahili kujibiwa kwa hoja, na kuwaachia wasikilizaji njia moja tu ya kushughulika nao, yaani nguvu. Kipimo ninachokitetea hapa kinatokana na tofauti hiyo: tusiulize tu kauli ilikuwa kali kiasi gani, bali tuulize imemwachia msikilizaji afanye nini, na aliyeitoa ana uwezo gani wa kuifanya itendeke.

Sheria zetu wenyewe zinakiri kwamba uzito wa maneno hautokani na maneno peke yake. Ibara ya 100 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa majadiliano ndani ya Bunge, na haiziruhusu mahakama kuuhoji. Lengo halikuwa kuyahalalisha matusi. Ni kwamba mwakilishi anayeogopa kushtakiwa hatauliza fedha za mradi zimekwenda wapi. Mbunge huyohuyo akitoka nje ya uzio na kuyarudia maneno hayohayo katika mkutano wa hadhara, anabaki na kinga ya Ibara ya 18, ya uhuru wa maoni, kama raia wengine wote, ndani ya mipaka inayowekwa na Ibara ya 30.

Hoja inayotumika zaidi kuyalaani maneno makali ni ya chanzo na matokeo: fulani alisema, damu ikamwagika. Ina mvuto mkubwa, na ndiyo inayoteleza kuliko zote. Januari 8, 2011, mjini Tucson, jimbo la Arizona nchini Marekani, mtu mwenye bastola alimpiga risasi ya kichwa Gabrielle Giffords, mbunge aliyekuwa akikutana na wapiga kura wake nje ya duka, na watu 6 waliokuwapo waliuawa. Saa chache baadaye lawama zilielekezwa kwenye ramani iliyosambazwa mwaka 2010 na kamati ya kisiasa ya Sarah Palin, mwanasiasa wa chama pinzani cha Republican, iliyokuwa na alama za shabaha ya bunduki juu ya majimbo kadhaa ya uchaguzi, likiwemo la Giffords. Ushahidi uliojitokeza baadaye haukuonyesha kwamba muuaji alisukumwa na ramani hiyo. Alikuwa mgonjwa wa akili, na kinyongo chake dhidi ya mbunge huyo kilianza miaka kadhaa kabla ya ramani kuchorwa. Waliokuwa wameilaani kwa hoja ya chanzo wakajikuta hawana hoja, na walioitetea wakashangilia kana kwamba kukosekana kwa kiungo hicho kumeifanya ramani kuwa kitu chema.

Dodoma nayo ina siku yake. Septemba 7, 2017, Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa Singida Mashariki na Mnadhimu Mkuu wa Kambi ya Upinzani, alimiminiwa risasi mchana kweupe akiwa ndani ya gari nyumbani kwake Area D, muda mfupi baada ya kutoka bungeni. Maneno "watu wasiojulikana" yakazoeleka katika mazungumzo ya siasa, kwa sababu hakuna aliyetiwa hatiani. Ambaye hamjui aliyefyatua risasi hawezi kusema kwa haki ni hotuba ya nani iliyomtuma. Lakini hapo hatulazimiki kunyamaza. Dereva anayeshuka mlima Nyang'oro kwa mwendo wa kasi amekosa hata kama basi litafika Mtera salama, kwa kuwa kosa lake ni kuwaweka abiria katika hatari asiyokuwa na haki ya kuwaweka. Maadili ya hotuba yanapimwa hivyo pia, kwa hatari ambayo msemaji aliiona, au alipaswa kuiona, wakati anafungua kinywa. Anayesubiri maiti ndipo ahukumu atamwachia mwenye maneno hatari kila siku ambayo bahati imekuwa nzuri.

Hatari hiyo inaonekanaje? Mwaka 1859 mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, alitoa mfano ambao haujazeeka. Maoni kwamba wafanyabiashara wa nafaka wanawaua maskini kwa njaa, alisema, yaachwe yachapishwe gazetini bila kubughudhiwa. Lakini maoni hayohayo yanaweza kustahili adhabu yakitamkwa mbele ya umati wenye hasira uliokusanyika nje ya nyumba ya mfanyabiashara huyo.

Mkoa wa Dodoma una mahali panapofaa kuujaribia mfano huu bila kubadili hata nafaka. Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro, kuna soko la mahindi linalojulikana nchi nzima, na malalamiko ya wakulima dhidi ya wanunuzi ni ya siku nyingi, hasa kuhusu lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo na kushonewa kichwa juu, ili mkulima alipwe la moja akiwa ametoa zaidi ya moja. Tuchukulie mgombea anahojiwa redioni na kusema: "Anayemfungisha mkulima lumbesa ni mwizi, na nikichaguliwa hapatakuwa na gunia litakalotoka sokoni bila kupita kwenye mizani." Ni maneno makali. Amewaita watu wezi mchana, mbele ya nchi. Hata hivyo mnunuzi anaweza kupiga simu redioni na kusema upande wake, Wakala wa Vipimo anaweza kuulizwa mbona hatokei sokoni, na msikilizaji ana kura. Maneno yamemwachia kila mtu kazi ya kufanya.

Sasa tumchukue mgombea mwingine. Bei imeporomoka, jioni inaingia, wakulima waliolala sokoni wakisubiri kuuza wamejazana karibu na ghala moja, naye amepanda juu ya lori. Hatukani. Hapazi sauti. Anasema: "Mwizi wetu tunamjua. Ghala lake mnalijua lilipo. Mimi sina la kuongeza." Kama tukio hili lingekuwa bungeni, sioni kauli ambayo Kiti kingemtaka aifute. Lakini yeyote aliyekulia karibu na soko au stendi katika nchi hii anajua kinachompata mtu akishaitwa mwizi mbele ya kundi, na anajua habari ya kesho yake itaandikwaje: ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Mgombea wa pili ametumia maneno mapoa kuliko wa kwanza na amefanya jambo baya zaidi, kwa sababu amehamisha lawama kutoka kwenye tendo hadi kwenye mtu mwenye jina na mlango, mahali ambapo jibu la hoja halina nafasi, na mbele ya watu ambao kitendo kimoja tu kiko mikononi mwao.

Wanaotamani siasa isiyo na ukali kabisa wana kazi ya kutueleza wataiweka wapi historia ya nchi hii. Azimio la Arusha, lililochapishwa Februari 5, 1967, ni waraka wenye moto: tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha. Katika lugha ya TANU mnyonyaji alikuwa kupe, na kupe ni mdudu anayebanduliwa. Ninaona tofauti kati ya kumwita mtu kupe kwa sababu anaishi kwa jasho la mwenzake na kumwita mdudu kwa sababu ya mahali alipozaliwa. Wa kwanza anaweza kuacha unyonyaji kesho asubuhi, na wa pili hana cha kuacha. Lakini tofauti hiyo ni rahisi kuishika kwenye karatasi kuliko mtaani, ambako kupe alianza upesi kuvishwa sura ya Mhindi mwenye duka. Julius Nyerere aliliona hilo mapema. Februari 14, 1967, siku 9 tu baada ya Azimio kuchapishwa, aliandika katika The Nationalist, gazeti la chama chake, makala yenye hoja kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviwezi kukaa pamoja, na kwamba wema na ubaya wa watu haufuati rangi zao. Ninaloliheshimu hapo ni kwamba aliowakosoa walikuwa watu wake mwenyewe, tena katika wiki ambazo walikuwa wakimshangilia.

Habari haikuishia hapo, na tusiipambe. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi na kisha katika operesheni ya Nguvu Kazi, msamiati uleule uliwageukia wachuuzi na vijana wasio na ajira, ambao walikamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam na kupelekwa vijijini kwa jina la wazururaji.

Lugha ya vita nayo ina asili yake. Novemba 1978, baada ya majeshi ya Uganda kuivamia Kagera, Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Ilikuwa vita ya kweli, na Amin alikuwa na vifaru upande wetu wa mpaka. Maneno yale yamesafiri tangu hapo hadi katika kampeni za udiwani, ambako "nduli", jina alilopachikwa Amin, sasa ni jirani anayegombea kata ileile. Sitaki kuikuza hatari ya uazimaji huo, kwani wasikilizaji wengi wanajua kwamba ni mbwembwe tu. Lakini hauwezi kuwa mbwembwe siku ambayo vijana wenye marungu wameandaliwa nyuma ya jukwaa.

Mpaka wa mwisho wa jambo hili tuliuona hapahapa nchini, Arusha, ambako Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliketi. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya Septemba 2, 1998, majaji walieleza kwamba uchochezi unaweza kuwa wa moja kwa moja hata pasipo amri iliyo wazi, na kwamba ili kulijua hilo ni lazima kuangalia utamaduni na lugha ya wasikilizaji: je, waliokuwapo walielewa wanatumwa nini? Katika kesi ya vyombo vya habari, iliyomhusu pamoja na wengine Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM iliyowaita Watutsi "inyenzi", yaani mende, Chumba cha Rufaa kilikuwa na uangalifu ambao mara nyingi husahaulika. Kwa hukumu ya Novemba 28, 2007 kilitofautisha hotuba ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari, na kikaishikilia hatia ya uchochezi ya Nahimana kwa matangazo ya baada ya Aprili 6, 1994, huku kikimpunguzia adhabu kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 30. Majaji waliokuwa wamesikia ushahidi mzito kuliko wote wa madhara ya maneno hawakukubali kwamba kila neno la chuki ni uchochezi. Sisi wenye ushahidi mwepesi zaidi tunalitamka neno "uchochezi" kwa wepesi wa kushangaza.

Wataalamu waliokutanishwa na Umoja wa Mataifa walihitimisha kazi yao mjini Rabat, Moroko, mwaka 2012, kwa kipimo kinachozingatia muktadha, msemaji, nia, maudhui na namna ya kusema, upana wa kuenea, na uwezekano wa madhara kutokea upesi. Katika hayo sita, ninalodhani tunalipuuza zaidi ni msemaji. Chukua kauli moja fupi, "nitawashughulikia". Ikitoka kwa mwanaharakati asiye na ofisi wala askari, ni kelele zinazoweza kuudhi. Ikitoka kwa mkuu wa wilaya, ambaye kwa sheria ya mwaka 1997 ya tawala za mikoa anaweza kuagiza mtu awekwe mahabusu hadi saa 48, ni maelezo ya jambo linaloweza kufanyika kabla ya jua kuzama. Kwa mizani ya maadili, mwenye dola anadaiwa uangalifu mkubwa zaidi. Kwa mazoea yetu mambo yamekuwa kinyume: mwenye dola akifoka tunasema ni mchapakazi, asiye na dola akifoka anaitwa kituoni. Tukumbuke pia kwamba kuanzia katikati ya mwaka 2016 hadi Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa, na walioathirika zaidi ni upinzani. Kuhubiri staha ya lugha kwa watu walionyimwa mahali pa kuzungumzia ni ukali wa aina yake.

Hapo ndipo ugumu wa kulikabidhi suala hili kwa sheria unapojitokeza. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimshtaki Nyerere kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya katika kijarida cha Sauti ya TANU, akatiwa hatiani na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Aliyekwazwa na maneno na aliyefungua mashtaka walikuwa serikali ileile. Miongo sita baadaye, Machi 28, 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya mwaka 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Uchochezi wa kisheria wa aina ile huilinda serikali dhidi ya kuchukiwa na kudharauliwa, ilhali uchochezi niliouelezea hapo juu humlinda mwenye ghala wa Kibaigwa dhidi ya umati. Kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja kumetugharimu, kwa sababu anayepaza sauti kudai hesabu za halmashauri anajikuta katika kundi moja na anayewaelekeza watu kwenye mlango wa jirani.

Kuna utetezi mmoja wa kwetu ambao haumo katika vitabu vya Mill, nao ni "nilikuwa natania". Utani ni taasisi yenye heshima, na Wagogo wa hapa Dodoma wanaujua vizuri, wao na watani wao. Lakini leseni ya utani ni ya pande mbili: ninayemtania ana ruhusa ileile ya kunirudishia, papo hapo, mbele ya walewale. Mwenye kipaza sauti anayewatania watu wasio nacho ameshika nusu tu ya utani. Jina la "chawa", wanaloitwa wapambe wa wakubwa, limepona mkosi wa majina ya wadudu kwa sababu hiyohiyo, kwamba linasema tabia ya kung'ang'ania, na wengi walioitwa hivyo wamelipokea kwa kicheko na kulivaa kama beji.

Linalobaki ni simu. Mill aliweza kutenganisha gazeti na umati kwa sababu mwaka 1859 vilikuwa mahali pawili. Leo kipande cha sekunde 30 kinakatwa kwenye mahojiano ya redioni, sehemu ya mizani inaachwa, linabaki neno "mwizi", kinawekewa picha ya ghala, na kinaingia katika kundi la WhatsApp la wakulima ambao wakati huohuo wamesimama nje ya ghala hilo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu habari za uongo, ila katika kipande hicho hakuna neno ambalo halikutamkwa. Kwa maoni yangu aliyekikata ndiye msemaji wake, na mzigo wa umati uko juu yake, hata kama sauti ni ya mwingine. Lakini mgombea naye hajatoka. Akishajua kwamba maneno yake yameelekezwa kwenye ghala la mtu, lipo la kufanya usiku huohuo: arudi redioni, amtaje mwenye ghala kwa jina, aseme kwamba alikuwa anazungumzia mizani na kwamba hataki mali ya yeyote iguswe, kisha airudie hoja yake ya lumbesa kwa ukali uleule. Baadhi ya waliomshangilia mchana watamwona amelainika, na huenda kura kadhaa zikaondoka na kipindi hicho.